Upande Wangu wa Uwanja

Mke wangu husema nitakufa nikiwa natembea. Hata sasa, magoti yakilia kila ninapoinuka, siwezi kumaliza kikombe cha chai nimekaa. Nusu nakunywa kitini, nusu nyingine nikizunguka uani, na wajukuu wananicheka waziwazi. Nilikuwa hivyo tangu utotoni na nilichapwa sana kwa ajili hiyo: shuleni, kanisani, na zaidi ya kote shambani kwetu, mwendo wa saa mbili kutoka Bariadi, enzi hizo tukihesabiwa watu wa mkoa wa Shinyanga. Baba aliamini kwamba mtu asiyeweza kutulia kwenye mstari mmoja wa pamba mpaka ufike mwisho hatamaliza chochote duniani.

Miguu hiyohiyo ndiyo iliyonipa ubingwa. Nilipopelekwa kambi ya mafunzo ya vijana, sajenti aliniona nikiichezesha kwenye gwaride wakati wenzangu wamesimama wima. Akanitoa mstarini. Nilijua nakwenda kung'oa visiki. Badala yake alinipeleka nyuma ya bohari, akanivisha glovu zilizopasuka, akasema kama siwezi kutulia basi nisitulie kwa faida. Somo lake lilikuwa fupi: piga, ondoka, piga, ondoka. Ukishapiga, pale uliposimama si pako tena. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kitu nikakielewa haraka namna ile.

Kutoka kambini nilipata kazi kwenye kiwanda cha nguo Mwanza. Kwenye karatasi nilikuwa mwangalizi wa mashine; ukweli ni kwamba mashine ilinikosa mara nyingi, maana timu ya ndondi ya kiwanda ndiyo iliyonitaka. Nikachukua ubingwa wa kanda, na mwaka uliofuata nikawa bingwa wa taifa wa uzito wa unyoya. Picha yangu ilitoka gazetini, ndogo kama stempu. Nakala moja ilifika Bariadi kwa mwenye duka aliyekuwa akiuza sukari na viberiti karibu na msikiti. Aliibandika mbele ya mizani yake, na mama alipokwenda kununua chumvi akaonyeshwa. Alirudi nyumbani na habari kubwa, akamburuta baba mpaka dukani. Baba aliitazama ile picha kwa muda, akasema nimekonda.

Kisha ikaja barua ya kuniita kwenye kambi ya timu ya taifa, Dar es Salaam, kujiandaa kwa mashindano ya nje ya nchi. Nilikuwa sijawahi kupanda ndege, na usiku ule sikulala, nilitembea chumbani mpaka mwenzangu akanitishia kunifungia nje. Lakini kabla ya kuripoti ilinibidi nipite nyumbani. Nilikuwa mwana wa kiume pekee. Kwetu, mwana wa pekee akienda mbali bila baba yake kumruhusu kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu, huyo ametoroka, na jina la mtoro humsubiri mlangoni siku atakaporudi. Nilitaka ruhusa hiyo kuliko nilivyoutaka ule ubingwa.

Nilikuta nyumbani si pale nilipopaacha. Wazazi wangu walikuwa wamehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa kwa mstari kama tuta, na mji wetu wa zamani ulikuwa umebaki uzio wa minyaa na majivu ya zizi. Baba, aliyependa mistari kwenye pamba, hakuipenda kwenye nyumba. Alilalamika kwamba akikohoa, jirani anamjibu. Ilinifurahisha kidogo kuona kwamba hata yeye sasa hakuwa na raha ya kukaa.

Hapa lazima nimweleze baba. Ujana wake wote alikuwa manju, yaani kiongozi na mtunzi wa ngoma, na si manju wa kubahatisha. Baada ya mavuno ya pamba, kwetu vikundi viwili vya ngoma hushindana katika uwanja mmoja, siku moja, saa ileile, kila kimoja na upande wake. Hakuna mwamuzi wala pointi. Watazamaji wenyewe ndio waamuzi: wakivutwa na ngoma ya kule wanahama, wakirudishwa na wimbo wa huku wanarudi, na jioni upande uliobaki mtupu ndio ulioshindwa. Manju aliyeshinda hukaa kwao, na watu humfuata. Aliyeshindwa hakai. Hufunga mzigo akaenda mbali, msimu mzima, kutafuta nyimbo na dawa za mvuto kwa mabingwa wengine, na hakuna anayemzuia. Baba yangu hakuwahi kufunga mzigo huo. Katika misimu yake yote, upande wake haukuwahi kubaki mtupu, na hilo alilibeba kifuani kama wengine wanavyobeba ng'ombe wao.

Jioni ya tatu aliwaita wazee wa ukoo na balozi wa nyumba kumi. Nilisimama nikaeleza barua, kambi, ndege. Walisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa wa homa. Bwana michezo wa wilaya alikuwa ameshanipangia pambano la maonyesho siku ya sikukuu ya wakulima, pale Bariadi, dhidi ya mbeba magunia mmoja wa Lalago aliyejifunza ngumi jeshini. Wazee walilijua pambano hilo kuliko walivyoijua Dar es Salaam. Baba akaegemea fimbo yake, akasema maneno ambayo ninayakumbuka yote:

"Anasema hiyo ni kazi. Basi tuipime kama tulivyopimwa sisi. Akishinda, ni manju wa kazi yake, atakaa hapahapa, nitatoa ng'ombe aoe na watu watamfuata hapa. Akishindwa, aende akatafute. Sitamzuia."

Wazee wakaitikia. Mimi nilicheka, nikidhani ni mzaha. Nilipomtazama usoni nikaona hakuna mzaha. Alikuwa amenitega vizuri kabisa, mzee yule. Alijua mimi ni bingwa wa taifa, na alijua yule wa Lalago ni mbeba magunia. Ili niende, ilinibidi nishindwe, mbele ya wilaya nzima, na mtu asiye na ubingwa wa chochote.

Zilibaki wiki mbili, na sidhani kama nilikaa chini hata saa nzima kwa wiki hizo. Nilining'iniza gunia la pamba kwenye boriti ya ghala na kulipiga kila alfajiri, mpaka mama akalalamika kwamba nimeipondaponda pamba, ikifika chama cha ushirika wataiita fifi, daraja la chini, wakati yeye aliichambua ikawa safi. Mchana nilitembea mpaka mji wetu wa zamani na kurudi. Nilikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nikiwa wima. Kichwani nilijigawa mara mia. Upande mmoja uliniambia raundi tatu ni dakika chache, lala chini, uamke, uende zako. Upande mwingine haukusema kitu, ulinionyesha tu ile picha dukani, mbele ya mizani.

Mwishowe niliamua kushindwa. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa mazoezi, nikaanza kufanya mazoezi ya kushindwa. Nilikwenda nyuma ya zizi nikajifundisha kuanguka. Najipiga kofi shavuni, nalegeza magoti, naanguka. Mwili ulikataa. Kila nilipoanguka, mkono wa kushoto ulitangulia kujiweka usoni kunilinda, na mguu wa nyuma ulishajipanga kuinuka kabla mgongo haujagusa chini. Nilianguka pale hata nikachubuka viwiko, na sikuwahi kuanguka kama mtu aliyepigwa. Baba alipita na ng'ombe, akasimama, akaniuliza kama naumwa. Nikasema nanyoosha mgongo. Akaendelea na ng'ombe wake.

Siku ya sikukuu Bariadi ilifurika. Walikuja watu kutoka Nassa na samaki wakavu, watu wa Maswa, vijana wa Nyashimo waliofika juu ya lori, na vikundi vya ngoma vya pande zote mbili vikisubiri zamu yao ya alasiri. Ulingo ulikuwa nguzo nne na kamba za katani katikati ya uwanja wa mpira, chini udongo uliomwagiwa maji. Bwana michezo alikuwa ameleta refa na majaji watatu kutoka Mwanza. Upande wangu ulikuwa wa mashariki, na ulijaa: wazee wa ukoo, majirani wa kijijini, na wafuasi wote wa zamani wa baba, wapiga ngoma wake na wachezaji wake, waliokuwa sasa na mvi. Baba alisimama mbele kabisa na fimbo yake. Upande wa pili ulikuwa wa yule wa Lalago, nao haukuwa haba. Jamaa alikuwa na mabega ya kufungia mlango, na watu walisema alishawahi kumwangusha ndama kwa ngumi. Alinisalimia kwa heshima zote, mwangaluka bhabha, akaonekana kunionea huruma.

Kipande cha reli kilipogongwa niliingia nikiwa na nia yangu ileile. Nilisimama mahali pamoja, jambo ambalo sajenti angenichapa kwa ajili yake, nikamngojea. Ngumi yake ya kwanza ilinipata begani. Nikasema vizuri, inayofuata naipokea kwa taya. Ikaja, pana na ya polepole, unaiona tangu inapotoka nyumbani kwake. Kichwa changu kikaondoka. Sikukituma. Ngumi ikapita hewani, jamaa akayumba, watu wakaangua kicheko, na mkono wangu wa kushoto ukamgusa mara mbili puani kabla sijauambia utulie. Na hapo basi. Mkono ukishaonja hauna adabu. Kufikia mwisho wa raundi nilikuwa nikimzunguka, piga, ondoka, piga, ondoka, na nilikuwa na furaha, furaha ya aibu, ya mtu anayekula chakula alichoapa kutokigusa. Kwenye kona nilijitukana kimoyomoyo. Nikajiapiza kwamba ya pili nalala.

Ya pili sikulala. Lakini katikati yake nilipozunguka nikaona upande wangu umepungua. Sikuelewa. Nilimpiga jamaa tumboni, nikaondoka, nikatazama tena: majirani zetu walikuwa wakitembea taratibu, mmoja mmoja, wakizunguka nguzo kwenda kusimama upande wa Lalago. Mpiga ngoma mkuu wa baba alikuwa miongoni mwao. Mtu mmoja alisema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika, kwamba huyu anakimbia tu, hakuna cha kutazama. Damu ilinichemka. Miguu iliyosifiwa taifa zima, kwetu ilikuwa miguu ya mwoga. Raundi ya tatu nilimpiga yule maskini kwa hasira ambayo haikuwa yake. Alikuwa hanioni tena kwa jicho moja. Na kila nilipogeuka, upande wangu ulikuwa mweupe zaidi, mpaka ukabaki uwanja, vumbi, na baba yangu na fimbo yake, peke yake.

Refa alinyanyua mkono wangu. Majaji wote watatu walikuwa wameandika jina langu. Hakuna aliyewatazama. Umati ulimbeba juu yule wa Lalago, jicho limeziba, akiuliza kulikoni, wakazunguka naye mpaka kwenye kiwanda cha kuchambua pamba na kurudi. Wapiga ngoma walimpigia. Nilibaki ulingoni na mkono wangu juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Wazee wa ukoo walirudi wakamzunguka baba. Nikaruka kamba, glovu bado mkononi, nikawafuata. Baba alisema kwa utulivu kwamba wote wameona, upande umebaki mtupu, mwanawe ameshindwa. Wazee wakakubali, hilo halikuwa na mjadala kwao. Mtu mwenye akili angenyamaza pale. Mimi nilianza kubishana. Niliwaeleza pointi. Niliwaeleza kwamba jamaa hakunigusa hata mara tano, nikawaonyesha uso wangu, nikamwita refa aje athibitishe. Mzee mmoja akaanza kukuna kidevu, akasema labda kweli tungemsikiliza huyo mgeni wa Mwanza. Ndipo baba aliponishika kiwiko, kile kilichochubuka, akanivuta pembeni kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Unataka kushinda," aliniuliza kwa sauti ya chini, "au unataka kwenda?"

Nikaanza kufungua kamba za glovu kwa meno.

Akarudi kwa wazee, akasema kijana amekubali. Asubuhi iliyofuata aliniruhusu mbele ya nyumba kumi zote, akanipulizia maji ya baraka mikononi na miguuni, na nikapanda lori la pamba hadi Nyashimo kushika barabara ya Mwanza. Nilipata kila nilichokitaka. Ilinipasa kuimba njia nzima. Badala yake nilikaa juu ya magunia nikiwachukia watu wa kwetu mmoja mmoja, kwa sura, kadiri nilivyowakumbuka wakitembea kuzunguka ile nguzo. Na baba nilimchukia pia, kwa kuwa alisema neno lile, kwamba nimeshindwa, bila kupepesa.

Kazi yangu ya ngumi ilikuwa nzuri, na sitaichosha kalamu kuieleza yote. Nilipanda ndege. Nilipigana nchi za watu, nikashinda zaidi ya nilivyoshindwa, nikalinda ubingwa wa taifa mpaka mikono ilipoanza kuchelewa. Lakini nilikuwa na ugonjwa mmoja ambao makocha hawakuujua. Katika kila ukumbi, kabla ya kumtazama mpinzani, nilitazama watu wamekaa upande gani. Hata nilipopigiwa makofi na ukumbi mzima nilihesabu wanaoinuka kwenda nje. Sikulala vizuri katika hoteli yoyote. Nilihama vyumba, nilihama kazi, nilihama mitaa ya Dar es Salaam kama mtu anayedaiwa.

Bariadi sikwenda. Nilituma khanga kwa mama na blanketi kwa baba, na visingizio: mazoezi, kambi, safari. Baba hakujua kuandika. Barua zake ziliandikwa na mwalimu wa kijiji na zilikuwa na mstari mmoja uliorudiwa kila mara, kwamba mzee anauliza kama miguu bado inazunguka. Niliona ni kejeli. Nilijibu kwa ufupi, baadaye nikaacha kujibu. Ninaandika haya bila kujipamba: nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto, na nilimnunia baba yangu kwa sababu ya watu waliohama upande wangu.

Simu ya maandishi ya kifo cha baba ilinikuta kazini. Nilifika wakiwa wameshamzika. Watu walikuwa wamekaa uani mchana ule, na mpiga ngoma wake mkuu, mzee sasa, meno machache, akanisogezea kigoda na kikombe cha chai. Nilikaa. Tukazungumza habari za mvua. Sikuweza kujizuia, na hasira ya miaka yote ikatoka siku ambayo haikustahili: nikamwambia kwamba nilimwona siku ile, alikuwa wa kwanza kunihama.

Mzee alinitazama kama hajanisikia vizuri.

"Hatukukuhama, mwanangu. Tulitumwa."

Akanieleza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. Siku mbili kabla ya pambano baba alimwendea nyumbani, akawaita na wenzake wa ngoma. Alisema amejifunga kwa maneno yake mwenyewe mbele ya ukoo na hawezi kuyameza. Alisema alitaka kunizuia, lakini ameniona nyuma ya zizi nikijifundisha kuanguka, na mtoto anayetaka kwenda kiasi hicho si wa kuzuiwa. Na alisema pia kwamba sitaweza, mikono yangu haijui kushindwa, atakufa mtu pale kabla sijaanguka. Kwa hiyo nyinyi, aliwaambia, raundi ya pili ikianza, vukeni. Msikimbie. Mmoja mmoja, wengine watawafuata.

"Tulimwambia avuke na sisi, asibaki mtupu pale," mzee alisema. "Alikataa. Alisema mtoto hawezi kuachwa uwanjani peke yake."

Akanywa chai yake, akaongeza, kwa kuwa alikuwa mkweli, kwamba msimu uliofuata wapinzani walitunga wimbo juu ya manju aliyebaki na fimbo yake katika uwanja mtupu. Uliimbwa mpaka Lalago. Watoto walimwimbia baba njiani akitoka mnadani. Wenzake walimsihi ajibu, walijua angeweza kuwafunga midomo kwa wimbo mmoja, na kila mara alisema hana wimbo.

Watu waliingia na kutoka, wakanipa mkono, wakaondoka. Jua lilihama kutoka ukutani likafika miguuni kwangu. Baadaye mama akatoka ndani, akakitazama kikombe changu kilichojaa na kupoa, akanigusa paji la uso. Aliniuliza kama naumwa, maana tangu anizae hakuwahi kuniona nimekaa hivyo.